Mtambo Uliotafutiwa Mwili Mpya

Viumbe hufa mara moja, lakini mitambo hufa mara mbili. Mauti ya kwanza huwa siku kiwanda kinapofungwa milango, mafundi wakatawanyika, na vipuri vikakoma kutengenezwa. Mauti ya pili huja baadaye, polepole na bila ya kilio: ni siku ambayo mtu wa mwisho aliyejua kuutumia mtambo huo anauweka kando, akasahau hata kazi aliyokuwa akiifanya nao. Baina ya mauti hayo mawili upo muda ambao huweza kuwa mfupi kama msimu mmoja wa upepo, au mrefu kama umri wa mtu. Na ndani ya muda huo hutokea watu wadaio kuwa wana dawa ya kufufua. Baadhi yao ni wafanyabiashara, baadhi ni wanafunzi, na baadhi ni wapenzi tu wasio na faida ya kuitazamia. Habari za kompyuta iitwayo Amiga zina mengi ya kumfunza mtu atakaye kujua ni dawa ipi iliyofaa, ipi haikufaa, na kwa sababu gani.

Amiga ilianza kufikiriwa mwaka 1982 huko California, Marekani, katika kampuni changa ya watu wachache. Mkuu wa ufundi wake alikuwa Jay Miner, mhandisi aliyekwisha kupata sifa kwa chipu alizozibuni alipokuwa Atari. Bwana huyo alikuwa na mbwa aliyeitwa Mitchy, ambaye alifuatana naye kazini. Na kompyuta ya kwanza ilipokamilika, sahihi za watengenezaji zilitiwa upande wa ndani wa kifuniko chake, na alama ya wayo wa mbwa huyo ikatiwa pamoja nazo. Mnunuzi hakuweza kuziona mpaka afungue mtambo. Jambo hili ni dogo, lakini laonyesha tabia ya kazi yenyewe: ilikuwa kazi ya watu waliotaka kuacha alama yao mahali ambapo macho ya soko hayafiki. Kampuni ilinunuliwa na Commodore mwaka 1984, na tarehe 23 Julai 1985 mtambo ulidhihirishwa mbele ya wageni katika Lincoln Center, New York. Katika hafla hiyo msanii Andy Warhol aliketi mbele ya kompyuta, akaichora sura ya mwimbaji Debbie Harry kwa rangi zisizolowesha kidole.

Ndani ya Amiga ya kwanza mlikuwa na prosesa ya Motorola 68000, iliyokwenda kwa mwendo wa megahezi 7 na kitu, na kumbukumbu ya kilobaiti 256. Kwa kipimo cha leo hicho ni kibaba kisichotosha hata staftahi ya simu ya mkononi. Lakini prosesa hiyo haikuachwa peke yake. Ilizungukwa na chipu tatu zilizobuniwa mahususi, zikaitwa Agnus, Denise na Paula. Ya kwanza iligawa zamu za kuifikia kumbukumbu na kuhamisha vipande vya picha. Ya pili ilitoa rangi kwenye kioo. Ya tatu ilitunza njia nne za sauti, pamoja na kusoma diski. Ilikuwa kama jiko la arusi, ambamo mpishi mkuu hamenyi viazi wala hachoti maji, maana kila kazi ina mwenyewe. Kwa hiyo mtambo wa bei ya dola 1,300 hivi uliweza kuonyesha picha zenye kuchagua rangi kutoka katika jumla ya rangi 4,096, kupiga muziki, na kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja, katika siku ambazo kompyuta nyingi za ofisini zilijua mlio mmoja tu na kushughulika na jambo moja tu.

Waandishi wa programu walizizoea chipu hizo kama nahodha anavyouzoea mkondo wa bahari ya kwao. Walijua ni nukta ipi ya wakati ambapo Agnus yu kazini na ipi ambapo amepumzika. Walijua kubadili rangi katikati ya kuchorwa kwa mstari. Wakaandika michezo na nyimbo zilizotegemea tabia za mtambo huo mmoja na si za mwingine wowote. Ujuzi huo ulikuwa fahari ya Amiga, na ndio uliokuwa pingu yake baadaye. Programu na chuma vilisokotwa pamoja kama nyuzi za mkeka, hata haikuwa rahisi kuuondoa uzi mmoja pasipo kuufumua mkeka mzima.

Commodore haikuweza kuitunza mali iliyokuwa nayo. Tarehe 29 Aprili 1994 ilitangaza kufilisika. Jay Miner alifariki tarehe 20 Juni mwaka uo huo, kabla miezi miwili haijatimia. Tangu hapo jina la Amiga lilianza safari ya kupita mkono kwa mkono. Escom ya Ujerumani ililinunua mwaka 1995, nayo ikafilisika mwaka 1996. Gateway ya Marekani ikalichukua mwaka 1997. Mwishoni mwa mwaka 1999 likauzwa kwa kampuni ndogo iliyoitwa Amino, ambayo mwanzoni mwa 2000 ilijiita Amiga. Mtu huweza kuulinganisha mwendo huu na shamba la urithi ambalo warithi huliuza kwa hati bila ya kufika kuitazama minazi: hati huwa na mwenyewe mpya kila mwaka, lakini nyasi huzidi kuota.

Wakati hati zikibadilishana mikono, watumiaji hawakuondoka. Yafaa kuwafikiria watu hawa, kwa kuwa habari nzima ni yao. Kulikuwa na vijana wa Ulaya walionunuliwa Amiga 500, iliyotoka mwaka 1987, wakajifunzia kwayo kuchora, kutunga muziki na kuandika programu. Kulikuwa na watengenezaji wa televisheni waliotumia Video Toaster ya kampuni ya NewTek tangu mwaka 1990 kuchanganya picha kwa gharama ndogo, na filamu ya kwanza ya Babylon 5 ya mwaka 1993 ilitengenezewa picha zake za angani kwa mitambo hiyo. Watu hawa hawakuwa na kompyuta tu. Walikuwa na sanduku la diski lililojaa michoro, barua, nyimbo na hesabu za miaka kumi. Sanduku hilo lilikuwa na ufunguo mmoja, na ufunguo huo ulikuwa haufuliwi tena.

Hivyo wenye jina wapya walipokuja mwaka 2000, walikuta swali gumu likiwangoja. Ukoo wa prosesa za 68000 ulikuwa umefika ukingoni mwa maisha yake katika kompyuta za mezani. Kompyuta mpya ingejengwa juu ya prosesa ipi? Wengine walitaka PowerPC. Wengine waliona kuwa Intel na wenzake wamekwisha kuliteka soko. Na katika vifaa vya mkononi ilikuwa ikipanda ARM. Kuchagua moja kulikuwa ni kucheza kamari, na mtu aliyekwisha kushindwa mara tatu haruhusiwi kukosea mara ya nne. Jibu la kampuni lilikuwa la werevu: lilikuwa ni kutochagua. Iliafikiana na kampuni ya Tao, ya mji wa Reading huko Uingereza, iliyokuwa na ufundi wa kuandika programu mara moja tu na kuiendesha juu ya prosesa ya aina yoyote.

Ufundi wa Tao waweza kufahamika kwa kumtenga mkalimani na mfasiri. Mkalimani husimama baina ya wazungumzaji wawili, akasikia sentensi moja na kuitamka kwa lugha ya pili. Ikirudiwa sentensi ile ile mara mia, huitafsiri mara mia. Mfasiri huketi na kitabu, akakifasiri chote mara moja, kisha msomaji akakisoma kwa lugha yake mwenyewe pasipo kungoja. Tao waliibuni prosesa ambayo haijapata kuwako ulimwenguni, yenye maagizo yake na rejista nyingi kadiri mwandishi apendavyo, na programu zote ziliandikwa kwa maagizo ya prosesa hiyo ya kuwazia. Programu ilipopakiwa kutoka diskini kuingia katika kumbukumbu, mfasiri mdogo aliyekuwamo ndani ya mfumo aliigeuza papo hapo kuwa maagizo ya prosesa ya kweli iliyokuwapo, iwe ya Intel, iwe ya ARM, iwe nyingine. Baada ya hapo hapakuwa na mtu wa kati. Programu ilikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Aidha, vipande vya programu vilikuwa vidogo, vikipakiwa pale tu vinapohitajiwa. Na mfumo wote uliweza kusimama peke yake juu ya chuma kitupu, au kukaa kama mgeni juu ya mfumo mwingine.

Wazo la lugha ya kati halikuwa jipya, wala halikuwa geni kwa Amiga yenyewe. Katika miaka ya 1960 Martin Richards wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliibuni lugha ya BCPL, ambayo programu yake ya kufasiri ilitoa kwanza maagizo ya katikati yaliyoitwa O-code, ili aliyetaka kuihamishia lugha hiyo kwenye mtambo mpya asilazimike kuanza upya tangu msingi. Kwa lugha hiyo uliandikwa huko Cambridge mfumo ulioitwa TRIPOS. Na Amiga ilipokuwa ikikimbizana na siku yake ya kutoka mwaka 1985 bila ya kuwa na sehemu ya kutunza mafaili, kampuni ya MetaComCo ya Bristol iliuchukua mfumo huo wa TRIPOS ikaugeuza kuwa AmigaDOS. Basi katika damu ya mtambo huu mlikuwamo tangu kuzaliwa tone la kazi iliyobuniwa kuhamahama. Chuo Kikuu cha California huko San Diego nacho kilieneza katika miaka ya 1970, chini ya Kenneth Bowles, mfumo wa Pascal wenye maagizo ya kati yaitwayo p-code. IBM ilipotoa kompyuta yake ya binafsi mwaka 1981, mfumo huo ulikuwa miongoni mwa mifumo aliyopewa mnunuzi kuchagua. Lakini huo ulitegemea ukalimani, na mkalimani wake alikuwa mzito. Mwaka 1995 ikaja Java ya kampuni ya Sun ikiwa na ahadi ile ile. Tao hawakubuni ndoto. Waliipatia ndoto ya watu wengi miguu myepesi zaidi.

Katikati ya mwaka 2000 vilitoka vifaa vya waandishi wa programu wa Amiga mpya. Viliendeshwa juu ya Linux, katika kompyuta za kawaida. Mpenzi wa zamani aliyevinunua alifungua alichongoja miaka sita, akakuta mfumo wenye jina analolipenda na ndani yake hamna hata sauti moja aijuayo. Programu zake za zamani hazikwenda humo. Diski zake hazikusomeka. Agnus, Denise na Paula hawakuwamo, wala dirisha la Workbench alilolizoea. Alichopewa kilikuwa ufundi mzuri wa watu wa Reading uliovishwa joho la marehemu. Baadaye jina la bidhaa likabadilishwa kuonyesha kwamba Amiga yaweza kuwa popote, na zikauzwa programu ndogo ndogo za burudani kwa ajili ya kompyuta za mkononi. Ahadi ya kwamba uko njiani mfumo kamili wa kuwarudisha wote nyumbani haikutimizwa. Tao wenyewe walisimamisha kazi mwaka 2007.

Haifai kusema kwamba ufundi ule ulikuwa wa uongo. Mwenye kuhukumu kwa haki atasema kwamba ulifanya hasa ulichoahidi: programu moja ilikwenda juu ya prosesa mbalimbali, na kwa wepesi. Kosa lilikuwa katika kuupa kazi isiyokuwa yake. Kitu kinachoweza kukaa juu ya mitambo yote hakina budi kutegemea yale ambayo mitambo yote inashirikiana, kama vile mtu atakaye kueleweka katika kila bandari hana budi kutumia maneno machache yanayojulikana katika bandari zote. Huweza kununua na kuuza kwa maneno hayo. Hawezi kutunga utenzi. Amiga ilipendwa kwa yale ambayo mitambo mingine haikuwa nayo. Kuifufua kwa kuiondolea upekee wake kulikuwa ni kumrudisha mpendwa kutoka safarini akiwa na cheti chake cha kuzaliwa, na sura ya mtu mwingine.

Lakini hapa mtu aweza kuuliza: je, kutotegemea prosesa hakuwezi kabisa kuokoa kazi ya mtambo uliokufa? Kwaweza, na ushahidi upo. Mwaka 1979 kampuni ya Infocom ya Massachusetts, ilipotaka kuuza mchezo wake wa maneno uitwao Zork, ilibuni mtambo wa kuwazia ulioitwa Z-machine, ikaiandika michezo yake ya maneno kwa maagizo ya mtambo huo. Kila ilipotokea kompyuta mpya sokoni, Amiga ikiwamo, kilichoandikwa upya kilikuwa mkalimani mmoja tu, na michezo yote ikahamia kwa siku moja. Infocom ilifungwa mwaka 1989. Kompyuta nyingi ilizoziandikia zimekwisha kuwa vyuma vya makumbusho. Lakini michezo ile yachezeka hadi leo, herufi kwa herufi, kwa sababu wapenzi wake walihitaji kumwelewa mkalimani mmoja tu, nao wakamwandika upya mara nyingi. Tofauti i wazi. Michezo ya Infocom ilizaliwa ikiwa na uhamaji. Mtambo wake wa kuwazia ndio mwili wake wa kweli, nao hauozi. Amiga ilizaliwa na mwili wa silikoni, na uhamaji uliletwa baada ya maziko. Dawa ya kinga si lazima iwe dawa ya kutibu.

Ziliwahi kujaribiwa njia nyingine. Mwaka 2001 kampuni ya Hyperion ya Ubelgiji ilipewa kazi ya kuuhamisha mfumo wa zamani wenyewe kwenda kwenye prosesa za PowerPC, na toleo la nne likakamilika Desemba 2006. Lakini mwaka 2007 wenye jina na watengenezaji wakafikishana mahakamani, wakapatana mwaka 2009. Wapenzi wengine walikuwa wameanza tangu mwaka 1995 mradi uitwao AROS, wa kuuandika upya mfumo mzima kwa msimbo ulio wazi, ili uweze kujengwa kwa prosesa yoyote. Hao nao walitaka kutotegemea prosesa, ila waliuweka uhuru huo katika maandishi ya chanzo, si katika maagizo ya kati; na kila kazi waliyoilenga ilikuwa kutenda kama mfumo wa zamani ulivyotenda. Wamedumu kuliko makampuni yaliyolinunua jina, ijapokuwa hawakuwa na jina la kuuza.

Lakini njia iliyofika mbali zaidi ilianza kwa mzaha. Mwaka 1995 mwanafunzi wa Ujerumani, Bernd Schmidt, alianza kuandika programu ya kuiigiza Amiga ndani ya kompyuta nyingine. Aliiita UAE, akisema kwamba herufi hizo maana yake ni kiigizi cha Amiga kisichotumika; nazo kompyuta za siku zile zilikuwa hazina nguvu ya kukiendesha kwa mwendo wa haja. Kazi yake ilikuwa kinyume cha ile ya Tao. Hakuiomba programu ya zamani ibadili hata neno moja. Alichukua prosesa ya 68000, na Agnus, na Denise, na Paula, pamoja na zamu zao zote na kasoro zao zote, akaviandika vyote kuwa programu. Hakuitafutia roho mwili mwingine. Aliugeuza mwili wenyewe kuwa maandishi.

Wahandisi wengi wangeiona kazi hiyo kuwa ni ubadhirifu. Ili kuigiza chipu ya mwaka 1985 kwa uaminifu yahitajiwa prosesa yenye nguvu mara nyingi kuliko chipu yenyewe, na nguvu hizo hutumika kurudia hata makosa ambayo Jay Miner mwenyewe huenda angependa kuyasahihisha. Lakini wakati ulikuwa upande wa mwigizaji. Kompyuta zilizidi kupata nguvu mwaka hata mwaka, na kiigizi kisichotumika kikatumika, kisha kikawa chepesi kupita Amiga halisi. Waandishi wake wakatia ndani ufundi wa kuyafasiri maagizo ya 68000 kuwa maagizo ya prosesa ya kisasa wakati wa kuyaendesha, yaani jamaa ya ufundi ule ule wa Tao, safari hii ukiwa mtumishi na si bwana. Mwaka 2007 mhandisi wa Uholanzi aliweka wazi michoro ya Minimig, ambamo chipu za Amiga zimeandikwa upya ili zipakiwe katika chipu tupu inayoweza kupangwa itakavyo mtu. Hata silikoni ikawa maandishi.

Faida ya uaminifu huo haikuwa ya michezo tu. Baada ya hafla ile ya mwaka 1985 Warhol aliendelea kuchora kwa Amiga faraghani, na alipofariki mwaka 1987 diski zake zilihifadhiwa pamoja na vitu vyake, hatimaye zikawa katika makumbusho yake mjini Pittsburgh. Kwa miaka mingi hakuna aliyejua kwa hakika mlikuwa na nini ndani yake. Mwaka 2011 msanii Cory Arcangel, aliyeiona picha ya uzinduzi ule, aliuliza habari za diski hizo. Na wanachama wa klabu ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakaitwa kusaidia. Kazi ilikuwa ya hadhari, kwa kuwa diski ya sumaku iliyokaa robo karne huweza kuharibika kwa kule kusomwa tu. Waliponakili alama za sumaku, wakakuta mafaili yenye mpangilio usiojulikana, kwa sababu Warhol alipewa programu ambazo zilikuwa hazijatolewa kwa watu. Walilazimika kuufumbua mpangilio huo hatua kwa hatua. Mwaka 2014 michoro ikatangazwa: miongoni mwake kopo la supu, na sura yake mwenyewe. Hakuna programu mpya ya kukaa popote, hata ingekuwa nyepesi namna gani, ambayo ingeweza kuyafungua mafaili yale. Yaliyafunguliwa na watu waliojali ni nini hasa mtambo wa kale ulikifanya, biti kwa biti.

Kiswahili chenyewe kimewahi kuupita mtihani unaofanana na huo. Tenzi za pwani ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye nyingi zikanakiliwa kwa herufi za Kirumi. Mnakili aliyehesabu mizani na kuzilinda vina alibadilisha herufi zote, na utenzi ukabaki utenzi. Mnakili aliyesahihisha lafudhi ya Lamu au ya Mombasa ili iwe rahisi kwa wasomaji wa kila mahali, huyo alipata wasomaji wengi zaidi na akapoteza vina. Wote wawili walitaka kuhamisha. Walitofautiana katika kujua ni kipi kinachohamishwa, na ni kipi kinachobebea.

Na hapo ndipo njia mbili zilizotengana zimekuja kukutana. Mwaka 2017 vivinjari vikubwa vya intaneti vilianza kuelewa lugha moja ya kati iitwayo WebAssembly, na Desemba 2019 ikawa kanuni rasmi ya shirika la viwango vya intaneti. Hiyo nayo ni maagizo ya prosesa isiyopata kuwako, yanayofasiriwa kuwa maagizo ya prosesa iliyopo, kama walivyofanya Tao. Leo vipo viigizi vya Amiga vilivyoandikwa kwa lugha hiyo. Kijana mwenye simu yenye prosesa ya ARM, na mzee mwenye kompyuta ya Intel, wote waweza kufungua ukurasa mmoja na kuiona Amiga ya mwaka 1987 ikiamka, na chipu zake tatu zikipokezana zamu kama zamani. Ile ahadi ya mwaka 2000, kwamba Amiga itaweza kuwa popote, imetimia. Ila waliotimiza si wale walioitoa, wala hawakuitimiza kwa kuibadili Amiga. Uhamaji umewekwa chini, katika msingi, mahali ambapo hauonekani. Na juu ya msingi huo mtambo wa zamani umeachiwa sura yake, mwendo wake na kasoro zake.

Sheria za soko hazikutoa zawadi kwa kazi hiyo. Walioifanya wengi wao waliifanya usiku, baada ya kazi za mchana, na majina yao hayamo katika hati yoyote ya mauzo. Lakini mwenye sanduku la diski aliyekuwa kijana mwaka 1987, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye mvi, aweza kuzitoa diski zake darini kabla sumaku haijafifia, akazinakili, akausikiliza wimbo alioutunga akiwa na miaka kumi na mitano. Wimbo huo pengine si mzuri. Unatoka kwa njia nne za sauti, na katika kila noti yake Paula yumo.